Kinachovuja ni Kiungo: Kutoka Mitumbwi ya Bumbire hadi Matangi ya Ndege

Ukipanda ndege ya pangaboi kutoka Mwanza kwenda Bukoba, na ukabahatika kukaa dirishani, inua macho utazame bawa lililo juu yako. Watu wengi hudhani mafuta ya ndege yamewekwa kwenye pipa fulani tumboni, karibu na mizigo. Hapana. Yamo ndani ya bawa lenyewe. Hakuna pipa wala dumu. Vipande vya alumini vimeungwa kwa maelfu ya ribiti, na uwazi uliobaki katikati yake ndio tangi. Sasa jiulize: sanduku lenye matundu yote hayo linawezaje kubeba mafuta bila kuvuja?

Jibu fupi ni kwamba kuna kitu kimepakwa kwenye viungo. Jibu refu ndilo makala hii.

Kuna watu duniani wanaojiundia ndege wenyewe, nyumbani, kwenye gereji. Marekani wana chama chao tangu 1953, na huku kwetu Afrika Mashariki pia wapo vijana waliojaribu. Swali mojawapo linalowasumbua ni hili: tangi la mafuta nimeliunga kwa epoksi ya aina moja, imeniishia, je, naweza kumalizia na ya aina nyingine? Au nizichanganye tu kwenye kopo moja, si zote ni epoksi?

Unaweza kusema hilo ni swali la wenye hela na muda. Lakini nenda kwenye mwalo wowote wa Muleba uangalie fundi anayeziba boti. Ana nusu kopo la resini kutoka duka moja, na kachupa ka kigumishi kutoka duka jingine. Swali lake ni lilelile, na gharama ya kukosea ni ileile: maji yanaingia yasipotakiwa, au petroli inatoka isipotakiwa, na watu wako mbali na nchi kavu.

Binadamu wameziba viungo kwa maelfu ya miaka, na kosa limekuwa likijirudia mahali pamoja. Ubao wenyewe hauvuji. Bati halivuji. Panapovuja ni pale vitu viwili vinapokutana. Kwa hiyo historia ya gundi ni historia ya kujifunza nini kinapatana na nini, na kwa kipimo gani. Twende taratibu, tuanzie ziwani.

Bumbire, 1875

Kisiwa cha Bumbire kipo wilaya ya Muleba, na zamani kilikuwa kwenye himaya ya Ihangiro. Tarehe 28 Aprili 1875 ilifika hapo boti ambayo watu wa kisiwa hawakuwahi kuona mfano wake. Ilikuwa Lady Alice, boti ya Henry Morton Stanley. Iliundwa Teddington, Uingereza, kwa mbao nyepesi, na ilikuwa ya vipande. Unaifungua, wapagazi wanaibeba mabegani kutoka Bagamoyo hadi kusini mwa ziwa, kisha ukifika majini unaviunga vipande tena.

Kilichotokea siku ile kinajulikana zaidi kwa upande wa Stanley, maana yeye ndiye aliyeandika. Watu wa Bumbire waliivuta boti hadi nchi kavu wakachukua makasia. Wenye boti wakaisukuma majini, wakang'oa mbao za sakafuni na kuzitumia kupigia kasia huku Stanley akifyatua risasi. Mwezi Agosti alirudi na kundi la mitumbwi na bunduki, akawaua watu wengi wa kisiwa. Ukatili huo ulilaumiwa hata Uingereza kwenyewe wakati uleule.

Mimi hapa nataka tuangalie vyombo. Kwenye maji yaleyale, mwaka uleule, kulikuwa na njia mbili tofauti za kuunga chombo. Lady Alice ilitoka kwenye karakana yenye misumari, skrubu na rangi. Mitumbwi mikubwa ya ziwa, ile ya Buganda, Ssese na jirani zake, ilishonwa. Ndiyo, ilishonwa kama nguo! Mbao zilitobolewa matundu pembeni, zikapangwa, kisha zikafungwa kwa nyuzi imara za mimea. Kwenye mshono na matundu wakashindilia nyuzi laini zilizopondwa, zikiwemo za mgomba. Kwa Mhaya, mgomba ni chakula, kivuli, kamba na kifungashio. Kumbe huko kwenye maji ulikuwa pia kizibo.

Angalia akili iliyomo humo. Ubao ni mmea, uzi ni mmea, kizibo ni mmea. Chombo kikiingia majini, vyote vitatu vinanyonya maji na kuvimba. Ubao ukivimba unabana, uzi ukivimba unakaza, kizibo kikivimba kinajaza. Hakuna kinachomkimbia mwenzake. Wahandisi wa leo wana maneno marefu ya jambo hili, lakini maana yake ni kwamba vitu vilivyoungwa pamoja vinatakiwa kutanuka na kusinyaa kwa pamoja.

Haina maana kwamba mitumbwi ile haikuvuja. Ilivuja, na mtu wa kuchota maji alikuwa sehemu ya kawaida ya wafanyakazi. Ikikaa juani muda mrefu, nyuzi zinakauka na kuoza. Stanley mwenyewe alisafirisha watu wake kwa mitumbwi chakavu ya kuazima kutoka Ukerewe, na katikati ya 1875 kadhaa ilizama usiku ziwani. Mbao zilikuwepo. Kilichochoka ni mishono.

Deheni: mchanganyiko wa pwani

Wengi wa watu waliosafiri na Stanley walitoka Unguja na pwani. Hao walikuwa wanajua namna nyingine ya kuziba chombo, na hapa ndipo hadithi inakuwa ya kikemia.

Pwani yetu nayo ilikuwa na vyombo vya kushona. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulishonwa kwa kamba za nazi, na ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini jahazi na mashua za misumari zilikuwa na utaratibu mwingine. Kwanza fundi anakalafati: anashindilia pamba katikati ya mbao kwa patasi butu na nyundo. Mbao za juu zinapakwa sifa, yaani mafuta ya papa (harufu yake ukiisikia mara moja huisahau). Sehemu inayokaa chini ya maji inapakwa deheni.

Deheni ni nini? Ni shahamu iliyochanganywa na chokaa. Ukiwa na shahamu peke yake, jua la pwani litaiyeyusha. Ukiwa na chokaa peke yake, maji yataiosha. Lakini ukivichanganya, chokaa inashambulia mafuta na kutengeneza sabuni ya kalisiamu. Hii si sabuni ya kufulia. Sabuni ya kufulia ina sodiamu na inayeyuka kwenye maji. Ya kalisiamu haiyeyuki. Ni ile takataka nyeupe inayoganda kwenye beseni ukifua kwa maji magumu. Mtu wa kufua anaichukia, lakini mwenye jahazi anaipenda, maana inakataa maji na kushika ubao.

Kwa hiyo, karne nyingi kabla ya makopo mawili ya dukani, fundi wa pwani alikuwa tayari na bidhaa ya sehemu mbili. Kila sehemu peke yake haifai, zikikutana zinazaa kitu cha tatu. Na kipimo kilikuwa na maana. Chokaa ikizidi, mchanganyiko unakuwa mkavu na kupasuka. Shahamu ikizidi, unabaki laini na kutiririka. Fundi hakuwa na mizani ya maabara, ila mkono wake ulijua. Tena alijua kitu kingine: deheni haidumu, na chombo kinapandishwa pwani kupakwa upya. Matengenezo yalikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Kutoka maziwa hadi meno ya bandia

Chokaa iliendelea na safari hadi kwenye ndege. Ndege za mwanzo zilikuwa za mbao, na gundi mojawapo iliyotumika sana ilikuwa kaseini: protini ya maziwa yaliyoganda, ikachanganywa na chokaa. Ni gundi nzuri ikikaa pakavu. Kwenye unyevu, kuvu na bakteria huiona kama chakula, na kwa kweli ni chakula.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940, Uingereza ilianza kutumia gundi za viwandani za yurea na fomaldehaidi. Ndege maarufu ya mbao ya vita, de Havilland Mosquito, ilianza kwa kaseini kisha ikahamia kwenye gundi hizi mpya. Mwaka 1944 Mosquito zilizopelekwa India kwa ajili ya vita vya Burma zilianza kupata ajali, mabawa yakishindwa angani. Huko Burma, mwaka huohuo, ndiko walikopigana askari wa Afrika Mashariki, wakiwemo Watanganyika. Uchunguzi uliangalia joto, mvua, gundi na ubora wa kazi ya kiwandani. Kasoro zilikutwa kwenye viungo, mahali ambapo vipande havikukutana vizuri na gundi haikuwa na kitu cha kushika. Mbao zilikuwa nzima. Umeanza kuuona mtindo, si ndiyo?

Epoksi yenyewe ilizaliwa mahali usipotegemea. Mswisi Pierre Castan alikuwa akifanyia kazi kampuni ya vifaa vya meno, akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Alitaka kitu kinachoganda bila kusinyaa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliomba hataza ya resini yake. Soko la meno halikuichangamkia, na hataza ikaenda kwa kampuni ya Ciba ya Basel. Marekani, Sylvan Greenlee alifika sehemu ileile kwa njia yake, akitafuta malighafi za rangi. Mwaka 1946 Ciba iliitambulisha gundi ya Araldite kwenye maonyesho ya biashara ya Uswisi.

Araldite unaijua. Vitubu viwili kwenye kaboksi kamoja, vinauzwa hadi kwenye maduka ya vifaa ya Bukoba mjini. Unakamua urefu sawa wa hiki na kile, unakoroga kwa njiti ya kiberiti, unaunga sahani iliyovunjika. Kwa sababu ya vitubu hivyo, wengi wetu tumekua tukiamini kwamba epoksi ni nusu kwa nusu. Hapo ndipo pana mtego.

Chupa na vizibo

Hebu tuingie ndani ya kopo. Molekuli ya resini ya epoksi ina ncha zenye pete ndogo ya pembetatu iliyojikunja kwa nguvu, inatamani kufunguka. Kigumishi (mafundi wengi husema hadina) kwa kawaida ni cha jamii ya amini, ambalo ni jina la kikemia, halihusiani na kuamini. Kila amini ina atomi kadhaa za haidrojeni zinazoweza kufungua pete hizo. Haidrojeni moja, pete moja. Hakuna ya ziada, hakuna ya kukopa.

Chukulia kreti la chupa 24 na mfuko wa vizibo. Ukiwa na vizibo 24, kila chupa inazibwa. Ukiwa na 15, chupa tisa zitabaki wazi. Ukiwa na 40, vizibo 16 vitazagaa sakafuni. Kwenye epoksi, chupa zilizobaki wazi na vizibo vilivyozagaa vyote vinabaki ndani ya gundi iliyoganda, vikiwa molekuli zisizoshikwa na chochote. Gundi inaweza kuonekana ngumu kabisa kwa macho. Baadaye maji au petroli inaingia, inazikuta molekuli hizo, inazitoa au inazivimbisha, na kiungo kinalainika.

Sasa tupige hesabu. Resini ya kawaida ya epoksi ina fungu moja la pete katika kila gramu 190 hivi. Kigumishi kiitwacho TETA kina fungu moja la haidrojeni katika gramu 24 tu. Kwa hiyo gramu 100 za resini zinahitaji gramu 13 hivi za TETA. Kigumishi kingine, IPDA, kina fungu moja katika gramu 43 hivi. Hapo unahitaji gramu 22 au 23. Cha tatu, D-230, kina fungu moja katika gramu 60. Unahitaji gramu 32 hivi. Resini ni ileile, vigumishi ni vitatu, vipimo ni vitatu tofauti.

Fundi aliyezoea cha kwanza, akanunua cha tatu, akaendelea kupima gramu 13 kama alivyozoea, ameziba chini ya nusu ya chupa zake. Hakuna rangi itakayomwambia. Hakuna harufu itakayomwonya. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutochanganya kigumishi cha bidhaa hii na resini ya bidhaa ile. Shida haiko kwenye chapa. Shida ni kwamba idadi ya chupa na vizibo haionekani, na aliyehesabu ni yule aliyetengeneza makopo yote mawili.

Kuna mtego mwingine mdogo: ujazo na uzito havilingani. Resini kwa kawaida ni nzito kuliko kigumishi. Kopo likisema tano kwa moja kwa ujazo, ukipima tano kwa moja kwa mizani utakuwa umezidisha kigumishi. Soma kama wamesema ujazo au uzito.

Halafu kuna poliesta, ile resini ya bei nafuu ya faibaglasi inayotumika kwenye boti nyingi. Hapa kemia ni nyingine kabisa. Kile kichupa kidogo cha poliesta hakizibi chupa. Kinawasha moto tu, kama kiberiti kwenye kuni. Asilimia moja au mbili inatosha, na ukiongeza kidogo inaganda haraka zaidi. Fundi aliyekulia kwenye poliesta amejifunza kwamba jioni ikiwa na baridi, ongeza hadina. Akihamishia tabia hiyo kwenye epoksi, anamwaga vizibo sakafuni. Epoksi ikichelewa, kinachosaidia ni joto na subira.

Tangi linapojengwa gereji

Tarehe 21 Mei 1975 iliruka kwa mara ya kwanza ndege ndogo ya ajabu, VariEze, ya mbunifu Mmarekani Burt Rutan. Ilitengenezwa kwa povu lililochongwa, likafunikwa kitambaa cha kioo na epoksi. Ramani zake ziliuzwa kwa watu wa kawaida, na mwaka 1979 ikafuata Long-EZ. Ghafla, mtu asiye na kiwanda aliweza kujiundia ndege. Povu la bawa lilikuwa la polistaireni, jamii ya lile jeupe linalofungashia televisheni. Poliesta ina kimiminika cha staireni kinacholiyeyusha povu hilo, epoksi haiyeyushi. Kwa hiyo kanuni ya nini kinapatana na nini iliingia kwenye ndege hizi siku ya kwanza ya kazi.

Mafuta yalikaa kwenye sehemu pana ya mzizi wa bawa, imefungwa kwa epoksi. Tofauti na maji ya ziwa, petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vingine hupenya epoksi ya kawaida. Watengenezaji wakatoa epoksi zenye mtandao uliobana zaidi, ziitwazo novolaki, zinazovumilia mafuta. Ndiyo mwanzo wa lile swali la kwanza: nimejenga kwa moja, naweza kupaka nyingine juu yake?

Tukitumia yote tuliyoyaona, jibu linagawanyika. Kwenye kopo: usichanganye kamwe. Kwenye tabaka: inawezekana, ukiheshimu mpaka. Tabaka la kwanza ligande kabisa kwa kipimo chake. Kisha lioshwe kwa maji safi, likaushwe, lipigwe msasa hadi ung'avu wote uondoke, ndipo la pili lipakwe.

Kwa nini kuosha? Amini zikikutana na unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani hutengeneza utando wa mafuta-mafuta juu ya epoksi. Huyeyuka kwa maji, lakini ukipitisha msasa bila kuosha, unausukumia ndani. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na jioni za ziwani zina umande. Mtu wa Dodoma anaweza asiuone utando huu. Wa Kagera atauona mara nyingi. Na ukipaka poliesta juu ya epoksi yenye mabaki ya amini, inaweza kugoma kuganda pale pale zinapokutana. Kinyume chake, epoksi juu ya poliesta iliyoganda na kusafishwa, hushika vizuri.

Ndege kubwa za alumini zilichukua njia nyingine. Katika miaka ya 1920, Joseph Patrick na mwenzake Nathan Mnookin huko Marekani walikuwa wakitafuta kimiminika cha kuzuia maji ya gari yasigande kwa baridi. Wakapata mpira unaonuka vibaya na usioyeyuka kwa kiyeyushi chochote walichojaribu. Ukapewa jina la Thiokol, kutokana na maneno ya Kigiriki ya salfa na gundi. Kizazi chake, polisalfaidi, ndicho kinachopakwa hadi leo kwenye viungo vya matangi ya mabawa. Ni laini kama mpira. Bawa linapopinda angani, kinapinda nalo, kama uzi wa mgomba ulivyovimba pamoja na ubao.

Lakini hata tangi lililozibwa vizuri linaweza kushindwa, mafuta yakibadilika. Katikati ya miaka ya 2000, majimbo kadhaa ya Marekani yalianza kuuza petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli. Boti za zamani zenye matangi ya faibaglasi ya poliesta zikaanza kupata matatizo: ethanoli ililainisha resini, uchafu mweusi ukaingia kwenye injini, na baadhi ya injini zikaharibika. Matangi hayo yalikuwa yamefanya kazi miaka 20 na zaidi. Hakuna aliyeyagusa. Kilichobadilika ni kile kilichomiminwa ndani. Ethanoli kwenye petroli si jambo la kigeni upande wetu wa Afrika. Malawi imekuwa ikichanganya tangu 1982.

Turudi mwaloni

Baada ya sangara kupata soko miaka ya 1980, injini za petroli ziliongezeka sana ziwani. Boti inayotoka Muleba kwenda Goziba au Ikuza inabeba watu, mizigo, na madumu ya petroli. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku na taa, na kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai, yaani moto. Petroli inayodondoka kwenye sakafu ya boti haiendi popote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia chini ukisubiri cheche. Kwa hiyo suala la nini kinazibwa kwa nini ni suala la nani anarudi nyumbani asubuhi.

Kama wewe ni fundi, au una ndugu fundi, mambo machache ya kuchukua ni haya. Dumu la plastiki la petroli lililopasuka usilizibe kwa epoksi. Plastiki yake ni polithini, na gundi karibu zote huiteleza. Litaonekana limezibwa hadi siku litakapobanduka. Litupe. Tangi la chuma au faibaglasi linalozibwa, liondolewe kwenye boti, limwagwe, likaushwe kabisa mvuke wote utoke, tena mbali na moto, ndipo kazi ianze.

Nunua resini na kigumishi vya familia moja, siku moja, duka moja ikiwezekana. Andika kipimo kwenye kopo kwa kalamu isiyofutika, maana lebo za karatasi huloana na kusomeka nusu. Tumia mizani, hata ile ndogo ya jikoni ya gramu.

Na kabla ya kuliamini tangi, fanya kipimo ambacho waunda ndege makini hufanya. Paka mchanganyiko wako kwenye kipande kidogo, acha kigande siku zake zote. Kipime uzito, kitumbukize kwenye chupa ya kioo yenye petroli ileile utakayoitumia, ifunge, iweke mbali na moto na watoto. Baada ya wiki kadhaa kitoe, kipanguse, kipime tena, kikwaruze kwa msumari. Kama kimeongezeka uzito sana, kimelainika, au petroli imebadilika rangi, umepata jibu lako kwa gharama ya kijiko kimoja cha gundi.

Fundi wa mtumbwi wa kushonwa alijua uzi wake utaoza lini. Fundi wa jahazi alijua deheni ataipaka tena lini. Sisi tumepewa makopo yenye nguvu kuliko vyote walivyokuwa navyo, lakini maarifa ya kuyatumia yameandikwa kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa lugha ambayo fundi wa mwaloni hakufundishwa kuisoma. Sisi tunaosoma sayansi tuna kazi hapo: kuyatoa maelezo hayo kwenye lebo na kuyafikisha mwaloni kwa Kiswahili, na kwa Kihaya pia.